Unahama na una tangi la bahari: walio hai watangulie

Wengi wakipata barua ya uhamisho hupiga picha tangi lao, wakaandika "linauzwa na kila kilichomo", kisha wakasubiri simu. Simu zinakuja, zote za namna moja: "Kaka, bado lipo? Bei ya mwisho?" Siku ya tatu anatokea mtu mwenye pesa mkononi na pikapu nje. Anataka kioo, kabati na taa. Samaki hawataki, maana yeye hufuga wa maji baridi. Ukikubali, jioni hiyo samaki wako wamo ndooni sebuleni, na yeyote atakayesema "nipe mimi" atapewa, hata kama tangi lake halizidi sana hiyo ndoo.

Bei haina kosa hapo. Kilichoharibika ni mpangilio. Maadamu tangi linafanya kazi, una nafasi ya kuchagua nani apewe nini. Likishatoka mlangoni, wanachagua wengine. Kwa hiyo viumbe watoke kwanza, mawe na mchanga vifuate, kisha mashine, na kioo kiwe cha mwisho kabisa. Nachukulia una tangi la lita 300 hivi, ghorofani Nairobi au Dar es Salaam, na unakwenda mahali ambapo huwezi kulibeba.

Tenga wiki sita. Kuanzia leo usinunue kiumbe chochote, hata konokono. Chukua daftari, kaa mbele ya kioo, uandike kila kilicho hai: jina la kitaalamu kama unalijua, urefu, anakula nini, umekaa naye muda gani, anagombana na nani. Usiwasahau wasioonekana mchana, kama kamba wa chini ya mwamba na kiti cha pweza anayetembea usiku. Andika pia mabaya. Kama tangi liliwahi kutiwa dawa yenye shaba, jamaa za mrututu, sema wazi, kwa sababu mawe na mchanga hufyonza shaba na kuitoa polepole, na shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. Kama una wale anemoni wadogo wa kahawia waitwao Aiptasia, sema pia. Mchukuaji akiambiwa mapema atajitayarisha. Akigundua mwenyewe baada ya mwezi, utakuwa umempa ugonjwa na kumnyima dawa.

Nani apewe

Pa kuanzia ni duka lililokuuzia. Maduka mengi hayatakurudishia pesa, lakini baadhi yatawapokea samaki wenye afya, wakati mwingine kwa kubadilishana na vocha ambayo wewe unayehama huihitaji. Mpe rafiki. Baada ya duka, watafute wafugaji wenzako, ambao kwetu si wengi na karibu wote wanajuana. Ukimpata mmoja kwenye kundi la WhatsApp umewapata wote. Hoteli na kliniki zenye tangi la mapambo ukumbini zinavutia kwa ukubwa wa vioo vyao, ila kabla ya kukubali uliza nani hasa hulisafisha. Kama jibu ni "kuna kijana huwa anakuja", mtafute huyo kijana uzungumze naye. Yeye ndiye mfugaji, meneja ni mwenye jengo tu.

Usitoe samaki kwa mtu usiyemjua kabla hajakutumia video ya tangi lake likiwa linafanya kazi. Picha haitoshi, inaweza kuwa ya mwaka juzi. Muulize chumvi yake ni kiasi gani. Anayefuga kweli atakujibu papo hapo: 1.025, au 35 kwa elfu. Anayebabaisha atasema "ya kawaida". Muulize tangi lina umri gani, kwa sababu tangi la wiki mbili bado halina bakteria wa kutosha kula amonia, na samaki wako ndio watakaolipia haraka yake.

Ukubwa nao usiufanyie huruma. Yule samaki wa buluu mwenye mkia wa njano ambaye watoto humwita Dory, Paracanthurus hepatus, hununuliwa akiwa na urefu wa kidole na hufika sentimita 30. Ni jamaa ya kangaja, samaki wa kuogelea masafa. Kumpa mtu mwenye tangi la lita 80 ni kuahirisha tatizo tu. Mkatalie kwa adabu, umpe samaki mdogo anayemfaa.

Kuhusu pesa, mimi ningempa bure mfugaji ninayemfahamu, na mgeni ningemtoza kidogo. Kitu cha bure huvutia hata wasio na haja nacho, na aliyelipa walau nauli ya samaki hufikiri mara mbili kabla ya kuja na mfuko mtupu.

Wanandoa wasitenganishwe. Samaki wa anemoni walioshikana jike na dume waende pamoja. Anemoni wao anaweza kwenda kwingine. Wao wataishi bila yeye, na yeye bila wao.

Baharini hawarudi

Ukiwa Mombasa, Tanga au Dar, wazo hili litakujia, na kama halikuji wewe, litamjia shemeji: "Si uwarudishe tu baharini? Ndiko walikotoka." Linasikika kama wema. Usilifanye.

Kwanza, huenda si kweli kwamba walitoka huku. Samaki wa anemoni wa rangi ya machungwa aliyevuma kwa filamu ya Finding Nemo, Amphiprion ocellaris, haishi pwani ya Afrika Mashariki. Makao yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, na wengi wanaouzwa leo wamezaliwa matangini. Wa kwetu ni jamaa zake, kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Pili, hata aliyevuliwa pwani yetu, tuseme Shimoni, Kenya, amekaa dukani na tangini pamoja na wageni kutoka Indonesia na Ufilipino, na anaweza kubeba vimelea vyao bila kuonyesha dalili.

Na kuna mfano ambao bado unalipiwa. Samaki mwenye mapezi marefu ya miiba ya sumu, jenasi Pterois, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mmoja wao, Pterois miles, yumo kwenye matumbawe yetu. Mwaka 1985 samaki wa jenasi hii alionekana mara ya kwanza Florida, Marekani, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wafugaji waliwaachia. Leo wameenea pwani ya mashariki ya Marekani, Karibi na Ghuba ya Meksiko, wakila samaki wachanga ambao hawakuwahi kujifunza kumkimbia adui wa namna ile. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo milioni mbili kwa mwaka.

Hata mimea. Mwani wa tangini uitwao Caulerpa taxifolia ulikutwa Monako mwaka 1984 ukiwa kipande kidogo, kisha ukatandaa maelfu ya hekta za sakafu ya Mediterania. Ulipojitokeza California mwaka 2000, ilibidi ufunikwe kwa maturubai na kutiwa klorini, kazi iliyochukua miaka hadi 2006 na kugharimu zaidi ya dola milioni 7. Kwa hiyo mwani unaoupogoa tangini usiutupe mtaroni. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo uingie kwenye taka.

Kama unavuka mpaka na unafikiria kubeba chochote, jua kwamba matumbawe yote ya mawe, chaza wakubwa wa Tridacna na farasi wa baharini wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Miamba hai nayo huhesabiwa pamoja na matumbawe. Bila kibali, vitabaki uwanja wa ndege, na wewe huenda ukabaki navyo. Kenya vibali hivyo hutolewa na KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania anza kuuliza Wizara ya Maliasili na Utalii. Kwa familia inayohama, ushauri wangu ni mmoja: usibebe.

Kuwakamata

Hapa ndipo watu hupoteza nusu siku na uvumilivu wote. Kufukuza samaki kwa wavu katikati ya mawe ni kazi bure: yeye anajua kila upenyo, wewe unajua kioo tu. Kama una wiki, tengeneza dema dogo. Chukua chupa ya plastiki ya lita 5, kata sehemu ya shingo, igeuze iingie ndani, itoboe matundu madogo ya kupitisha maji, tia chakula ndani, uiweke tangini. Siku mbili za kwanza acha waingie na kutoka wapendavyo. Siku ya tatu, usiwalishe asubuhi, kisha weka chakula ndani ya chupa. Mlafi ataingia wa kwanza, na mara nyingi mlafi ndiye mgomvi uliyetaka aondoke kwanza.

Kwa waliobaki, toa mawe kwanza, punguza maji yabaki robo, kisha tumia nyavu mbili, moja ikae tuli na nyingine isukume. Ukitoa jiwe, lishikilie juu ya ndoo kwa dakika moja na ulichungulie matundu yake. Samaki wadogo na kamba hujificha humo, na wengi hufa kwenye ndoo ya mawe bila mtu kujua. Samaki wanaolala ndani ya mchanga, wasubiri. Wataibuka wenyewe taa zikiwashwa.

Kangaja ana kisu kila upande wa shina la mkia. Kinachana wavu, kinachana mfuko, kinachana kidole. Yeye, kikande na kila mwenye miiba, mchukue kwa chombo cha plastiki chini ya maji, si kwa wavu. Ukichomwa na yule wa miiba ya sumu, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, uukalishe humo nusu saa au zaidi, na uende hospitali.

Anemoni usimng'oe. Mguu wake ukichanika, mara nyingi hufa, na akifa ndani ya maji machache huchafua kila kitu. Mwelekezee pampu mpaka auchoke mkondo na kusogea mwenyewe, au ingiza ukucha taratibu pembeni ya mguu ukizunguka. Akiwa juu ya jiwe dogo, mtoe na jiwe lake.

Ndoo, mifuko na amonia

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo mifuko minene ya samaki iombe dukani, wanayo ya kazi hiyo. Kwa safari ya ndani ya mji, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ni bora kuliko mfuko. Iwe ya chakula. Iliyowahi kubeba rangi au sabuni haifai hata ukiisugua mara kumi. Tia maji ya tangi lenyewe, acha nafasi ya hewa juu, weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Ndoo moja, samaki mmoja mkubwa, au wadogo wawili waliozoeana.

Jongoo bahari na samaki sanduku kila mmoja na chombo chake peke yake, bila mjadala. Wakishtuka hutoa sumu inayoweza kuua kila aliye nao majini, wao wenyewe wakiwemo. Matumbawe nayo yasigusane, kila kipande na chombo chake, na sponji zisitoke nje ya maji hata sekunde chache.

Siku moja kabla ya safari, na mbili kwa samaki wakubwa, usiwalishe. Tumbo tupu hutoa uchafu kidogo.

Kwa mfuko, maji yawe theluthi moja na hewa theluthi mbili, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, ndani ya boksi la povu kama yale ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, likifungwa giza. Kama samaki wanatoka Mombasa kwenda Nairobi, usiujaze mfuko hewa mpaka ukaze kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyofungwa pwani hupanuka takriban moja ya tano ikifika huko.

Sasa jambo ambalo hata wafugaji wa muda mrefu hulikosea. Samaki aliyefungwa mfukoni saa nyingi hupumua na kujaza maji kaboni dayoksaidi, nayo huongeza asidi. Wakati huohuo amonia inajikusanya, lakini kwenye maji yenye asidi, sehemu yake kubwa hukaa katika hali isiyo kali. Ukifungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoroka, asidi inapungua, na amonia ileile inageuka sumu ndani ya dakika. Ndiyo maana kumzoesha polepole kwa matone, saa nzima mfuko ukiwa wazi, ni kumtesa aliyesafiri usiku kucha. Huyo mfuko wake uelee tangini ukiwa umefungwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kisha ufungue, umhamishe, na maji ya mfuko uyamwage. Matone yanamfaa aliyesafiri nusu saa.

Ili hilo liwezekane, chumvi lazima ilingane. Mpigie mchukuaji siku tatu kabla: "Dada, mimi niko 1.025, joto 26. Wewe je?" Kama yeye yuko 1.021, wewe una siku tatu za kushusha yako taratibu, au yeye kupandisha yake kwenye tangi la karantini. Ni simu ya dakika mbili inayookoa samaki wengi kuliko dawa yoyote.

Mawe, mchanga, na sumu

Bakteria wanaosafisha tangi wanaishi juu ya mawe na mchanga. Majini wako wachache. Kwa hiyo maji yako ya zamani hayana thamani kubwa, ila mawe yana. Anayechukua samaki wengi mpe na mawe kiasi, yakiwa yamezama kwenye maji ya chumvi njia nzima. Jiwe likikauka juani, vilivyomo hufa, na likirudishwa majini litatoa amonia kwa wiki kadhaa.

Vaa glavu. Minyoo ya manyoya humwaga miiba midogo kama vumbi la vioo. Na kama una zoanthidi, zile zenye vichwa vya duara vya rangi, hasa Palythoa, vaa na miwani ya kukinga macho. Baadhi yake hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe. Usizisugue zikiwa kavu, usizimwagie maji ya moto, na usichemshe jiwe lenye hizo jikoni kwa sababu yoyote; mvuke wake huingia kwenye mapafu ya nyumba nzima. Machi 2018 katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, Uingereza, familia ilipelekwa hospitali baada ya tangi kusafishwa nyumbani, pamoja na wazima moto walioitwa kusaidia. Jiwe usilolitaka lizamishe nje kwenye ndoo ya maji yenye jiki kwa siku kadhaa, kisha ulitupe.

Mchanga uuguse mwisho, viumbe wote wakiwa wameshatoka. Mchanga wenye kina kirefu hujenga gesi ya salfa chini, ile yenye harufu ya mayai viza, na ukiuchimbua samaki wakiwa bado ndani unaweza kuwaua wote kwa mpigo mmoja. Ukisikia harufu hiyo, fungua madirisha na usimpe mtu mchanga huo.

Maji yatie klorini, yaache usiku mmoja, umwage chooni. Usimwagilie bustani, chumvi itaua mchicha na michungwa.

Asiyepata pa kwenda

Kuna samaki atakayebaki: mgonjwa, mzee, au mkali ambaye kila aliyemchukua amemrudisha. Kumtupa chooni hai au kumgandisha akiwa hai ni ukatili. Njia ya huruma iliyo karibu nasi ni mafuta ya karafuu, kwa sababu yujenoli iliyomo ni dawa ya usingizi ya samaki. Tikisa mililita 0.5 za mafuta kwenye chupa yenye maji kidogo ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, kisha uyamimine polepole kwenye lita 1 ya maji ya tangi alimo samaki. Atalala kwanza. Mwache dakika 10 nyingine baada ya matamvua kuacha kabisa kutembea. Mzike au mfunge kwenye taka. Asiliwe na paka.

Mashine na kioo

Zima hita dakika 20 kabla ya kuitoa majini, la sivyo kioo chake cha moto kitapasuka hewani. Pampu na mashine ya povu zizungushe ndani ya maji yaliyochanganywa na siki usiku mmoja, magamba ya chokaa yatatoka bila kukwaruza. Nyavu na mabomba yapitishe kwenye klorini, suuza, anika juani.

Sasa tangaza kioo. Bei yake haitakuwa mbaya kuliko ya mwanzo, na hutakuwa na samaki wa kukuharakisha. Mnunuzi apime mlango na lifti kabla ya kulipa. Tangi libebwe tupu kabisa, hata mchanga wa sentimita mbili usibaki, maana lita 300 za maji ya chumvi hupita kilo 300 na viungio vya silikoni havikutengenezwa kwa kutikiswa na uzito. Wabebaji wawe wanne, washike chini, si kwenye ukingo wa juu. Kwenye gari likae wima juu ya godoro la povu. Skrubu za kabati zitie kwenye bahasha, uibandike ndani ya mlango wake kwa gundi ya karatasi. Ndizo hupotea kwanza, na ndizo atakazokupigia simu kuziulizia ukiwa umeshafika huko uendako.